Lugha Isiyovuka Mlango wa Haika

Siku mzee Dawid Fortuin aliporudishwa nyumbani kutoka hospitali, majirani wa ghorofa ya tatu pale Lewisham walijibana ukutani kuwapisha watu wa ambulansi, na Haika, mkewe, akawa anawashukuru mmoja mmoja utadhani ameletewa bwana harusi. Kiharusi kilikuwa kimemchukua mzee mkono wa kulia na nusu ya uso. Hayo Haika aliyaweza. Yeye mwenyewe ni mhudumu wa wagonjwa, ameshageuza kitandani watu wazito kuliko mumewe. Kilichomshinda ni kingine kabisa. Mzee alikuwa anaongea, tena anaongea vizuri tu, ila humo ndani hakukuwa na mtu wa kuelewa anasema nini.

Kiswahili alichojifunza Morogoro kilikuwa kimefutika. Kiingereza cha miaka yote ya London nacho hakuna. Daktari alieleza kwamba hutokea hivyo, ubongo ukishapata pigo waweza kuziangusha lugha za ukubwani ukabaki na ile mtu aliyonyonya. Na Dawid, mtoto wa machotara wa Cape Town, alinyonya Kiafrikana. Haika tangu ujana wake alikiita kwa jina moja tu, Kikaburu, na alilitamka kama mtu anayetema kitu.

Sasa hapo ndipo penye kidonda. Maana Dawid Fortuin maisha yake yote ameishi kwa maneno. Ametunga nyimbo, ametunga michezo ya kuigiza, na yote kwa Kiafrikana: habari za machotara waliohamishwa kwa nguvu, za wafua nguo, za walevi wa bandarini, za akina mama waliozeeka wakilea watoto wa wenzao. Kanda za nyimbo zake ziliingizwa kwao kwa magendo zama zile zikipigwa marufuku. Na mkewe, mwanamke aliyelala naye kitanda kimoja tangu ujana, hakuwa anajua hata ubeti mmoja unasema nini. Hakutaka kujua.

Msimhukumu haraka. Kaka yake, Godbless, alikuwa askari, akafia Msumbiji katika vita ambavyo kwao Moshi kila mtu alijua makaburu ndio waliokuwa wakivichochea. Jeneza lilikuja limepigiliwa misumari na mama yao hakuruhusiwa kulifungua. Mwaka uleule Dawid, mkimbizi wa siasa aliyekuwa akifundisha muziki Morogoro, akaja kuposa. Haika akamwambia wazi: wewe nakupenda, ila lugha ile haitavuka mlango wa nyumba yangu. Dawid alijaribu kujieleza mara moja tu. Alisema ile ni lugha ya mama yake, na kwamba wapishi na watumwa ndio walioikanda jikoni kabla makaburu hawajaifanya yao. Haika akamjibu kwamba basi wapishi hao waachwe hukohuko jikoni kwao. Dawid akacheka, akakubali, na neno alilolitoa akalishika.

Alilishikaje? Akijiwa na wimbo alivaa koti, akashuka ngazi, akapanda basi, ghorofa ya juu, kiti cha mbele, akaenda nalo mpaka mwisho wa njia akiimba chini kwa chini. London hakuna anayemshangaa mzee anayejisemesha kwenye basi. Wimbo ukikataa kukaa sawa, anazunguka tena. Haika akiona koti halipo msumarini alijua, chakula anakifunika. Mzee akirudi alipangusa viatu, akasalimu kwa Kiswahili chake cha kuvunjikavunjika, akauliza kama watu wameshakula.

Michezo aliifanyia mazoezi kwenye ukumbi wa kanisa moja, pamoja na wahamiaji wenzake. Haika alikuwa akiwapikia waigizaji mtori, supu ya ndizi na nyama ya kwao, sufuria nzima, anaifunga kwa kanga isimwagike, anampa mumewe aibebe. Yeye mwenyewe hakukanyaga ukumbini siku hata moja. Waigizaji walimpa jina la Mama Mtori na wengi wao hawakuwahi kumwona sura. Uhuru ulipofika kwao walirudi mmoja mmoja, na waliobaki London walikuwa wameshakufa.

*

Kila alasiri mzee alikuwa na lake. Uji ukishanyweka, mdomo ukishafutwa, alimwita Haika kwa mkono wa kushoto asogee karibu. Halafu alisema maneno yaleyale, kwa sauti ya chini, kwa adabu, marefu kidogo, na mwishoni sauti inapanda kama ya mtu anayeuliza. Kisha alimkodolea macho akingoja jibu. Macho yakamjaa machozi, akageukia dirishani.

Haika alijaribu kila kitu. Alifungua dirisha, akalifunga. Alileta maji, akaleta Biblia, akaleta picha ya harusi. Siku moja, kwa kuhangaika, alifikiri mzee ana haja, akaleta chombo cha kujisaidia, akamfunua shuka. Dawid alitazama kile chombo, akatazama mapaja yake yaliyo wazi, akavuta shuka kwa mkono wake mmoja. Siku ile hakusema tena. Haika alikwenda jikoni akasimama mbele ya sinki akilia, bomba kalifungulia asisikike.

Neno moja tu alilishika. Maneno ya mzee yalianza na kwisha kwa “mevrou”, na alilisema kwa upole mno. Haika alijipa moyo kwamba ni neno la mapenzi. Jumapili kanisani aliwaambia wenzake, tena kwa kujisikia, kwamba hata ugonjwani mzee amempa jina jipya.

Binti yao, Aikaeli, alikuja kila jioni akitoka kazini. Huyu alizaliwa London, Kiswahili anakisikia chote ila kujibu ni kwa Kiingereza. Alileta simu yake yenye kutafsiri, akaiweka karibu na mdomo wa babake. Mdomo umepooza upande, maneno yanavuja, simu ikajitahidi ikatangaza kwamba mzee anatafuta ng'ombe wa kununua. Wakacheka wote wawili, kicheko cha watu waliochoka, na mzee naye akatabasamu kwa kuwa watu wanacheka. Alipoanza kuuliza tena ndipo kicheko kikakatika.

“Ningekuwa naijua lugha ya baba,” Aikaeli alisema kwa Kiingereza, polepole, bila kumtazama mamake, “leo ningejua anachoomba.”

Haika aliendelea kukoroga uji. Kila mtoto wa mtaani kwao alikuwa na lugha ya baba na ya mama, wa kwake akampunguzia moja kwa makusudi, na alijiona amemlinda.

*

Hospitali haikukataa kusaidia. Waliahidi mkalimani, na siku ikafika, na kweli akaja mtu mzima wa makamo, kanzu ndani ya koti, anaitwa Mahir, mwenyeji wa Mombasa. Alipiga hodi, akakaribishwa, akamwamkia mgonjwa kwa Kiswahili safi kabisa. Mgonjwa akamkazia macho. Mahir akarudia, akamjulia hali kirefu. Mzee akamgeukia Haika, akamsemesha yale maneno yake.

“Mama,” Mahir akasema, “mimi nimeletwa kwa Kiswahili. Hiki anachosema mzee si changu.”

Kumbe. Siku mzee alipopelekwa hospitali nesi alikuwa ameuliza mgonjwa anatumia lugha gani nyumbani, na Haika, katikati ya mahangaiko yote yale, aliinua kichwa akajibu Kiswahili. Alijibu kwa fahari. Sasa alitamani ardhi ipasuke. Akamtengenezea Mahir chai ya tangawizi na kumwomba radhi kwa kumsumbua, na ilipobidi aeleze lugha yenyewe ni ipi alijikuta anasema “ya kwao kule”, kama mtu anayeficha ugonjwa wa aibu.

Mahir hakuwa mtu wa kumwaibisha mtu. Alisema mkalimani wa Kiafrikana huenda akapatikana ila si leo wala kesho, akamwelekeza duka moja kule Wimbledon lenye nyama kavu na bendera za raga, ambako wenye lugha yao hukusanyika. Alipita pale mara kwa mara akielekea kwenye kazi nyingine. Watu wenyewe ni wachangamfu tu, alisema.

“Makaburu?” Haika akauliza.

Mahir akamaliza chai yake kwanza. “Sasa mama, wewe watafuta nani?”

Haika hakwenda. Alijiambia kesho, na kesho ikawa kesho nyingine. Alifanya usafi wa kabati, alipiga pasi mashuka. Kisha mzee akaanza kukataa uji, kifua kikaanza kukoroma, na daktari aliyekuja kumwona alimvuta Haika kwenye korido akaongea naye kwa sauti ya upole ile ambayo yeye Haika mwenyewe amewahi kuitumia kwa wake za watu kazini. Alijua maana yake. Baba Aikaeli alikuwa anaondoka, na alikuwa anaondoka na swali lisilojibiwa. Kesho yake asubuhi Haika alimwachia Aikaeli mgonjwa, akavaa koti lake la kanisani.

*

Duka lilikuwa dogo, linanuka giligilani na siki. Nyama zilining'inia nyuma ya kaunta. Kulikuwa na wanaume wawili wakubwa wakizungumza lugha ileile, kwa sauti ya juu, wakicheka. Haika alisimama karibu na mlango akijifanya kusoma pakiti za biskuti mpaka walipotoka.

Mwenye duka alikuwa mwanamke wa Kizungu, mdogo kwake kwa miaka kama kumi, nywele fupi, miwani imening'inia shingoni. Alimuuliza Haika kwa Kiingereza kama amsaidie. Haika alikuwa amepanga maneno yake kwenye treni, yakampotea yote. Akasema tu kwamba ana mgonjwa nyumbani, mumewe, anasema Kiafrikana na hakuna anayemwelewa. Mwanamke yule, Riana jina lake, alishangaa. Hakuna hata mmoja, nyumba nzima? Na wewe mkewe?

“Mimi nilikikataza,” Haika akasema.

Riana hakuuliza sababu. Alimtazama usoni, akatazama chini, akaanza kupangusa mizani iliyokuwa safi tayari. Labda aliijua sababu. Aliuliza mume anaitwa nani, na aliposikia jina kitambaa kikasimama. Fortuin yupi? Yule wa nyimbo? Haika akasema ndiye, mtunzi, na michezo pia. Riana akavaa miwani.

Kwao shambani, alieleza, jikoni alikuwako mama mmoja mfanyakazi aliyewalea. Redio haikuwa ikiruhusiwa kupiga nyimbo za Fortuin, lakini yule mama alikuwa akiziimba akioka mikate, milango imefungwa. Riana na wadogo zake walizijua zote kabla hawajajua kusoma, na waliapishwa wasiziimbe mbele ya baba yao. Akaanza kuimba mmoja palepale, nyuma ya kaunta, sauti yake ya kawaida tu isiyo na madaha.

Haika aliujua wimbo ule. Aliujua kwa miguno na minong'ono, kwa vipande vilivyomponyoka mumewe bafuni kabla hajajikumbuka na kunyamaza. Leo aliusikia mzima, mwanzo mpaka mwisho, na aliyempa ni kaburu. Ilimuuma hivyo hivyo, bila kujificha. Akauliza unasema nini.

“Ni mama,” Riana akasema. “Wameambiwa nyumba yao itabomolewa, lori liko nje. Watoto wanamwita apande. Yeye anafagia. Anafagia vyumba vyote mpaka uani, anasema hawezi kumwachia hata mbomoaji nyumba chafu. Mtoto anayeimba ndiye anayeshika kizoleo.”

Haika alimjua mama huyo. Alikuwa mama mkwe wake, aliyebomolewa nyumba vivyo hivyo Dawid akiwa mtoto, ambaye picha yake ilikaa juu ya televisheni, na ambaye yeye alikuwa akimpangusa vumbi kila Jumamosi bila kumjua. Aliomba kiti. Riana akaleta kimoja kutoka stoo, akamkalisha, akasema Jumapili duka linafungwa mchana, angekuja. Kabla hawajaachana alisema jambo moja zaidi, kwa taabu: yule mama wa jikoni walimwita kwa jina la kwanza tu, na mpaka leo yeye Riana hajui ukoo wake ulikuwa upi.

*

Jumapili Riana alikuja kweli, na mfuko wa biskuti ngumu za kwao. Aikaeli alikuwa ameshuka sokoni. Haika alikuwa amemwogesha mzee, amemvalisha shati la bluu, amemkalisha kwa mito. Alimkaribisha mgeni kwa heshima zote, halafu akasimama mguuni pa kitanda, mikono kaificha ndani ya kanga. Alitaka kitu kimoja tu duniani, kujua mumewe anamwomba nini, na ampe.

Riana akamwamkia mzee kwa Kiafrikana. Uso wa Dawid uliwaka. Nusu yake iliyo hai ilicheka, mkono wa kushoto ukamshika mgeni kidole, maneno yakamiminika, na Haika aliona kwamba mumewe huyu, mcheshi, mwenye kuchezesha nyusi, hakuwahi kumwona. Alimwonea wivu yule mwanamke waziwazi. Kisha mzee akatulia, akamgeukia Haika, akamwita asogee, na akasema yale yake ya kila alasiri.

Riana alisikiliza mpaka mwisho. Hakutafsiri.

“Sema,” Haika akamwambia. “Chochote kile, wewe sema.”

“Anakuita mevrou,” Riana akasema. “Ni kama bibi. Mama mwenye nyumba. Mtu usiyemzoea.” Akamtazama mzee. “Anasema, bibi, nakushukuru kwa uji na kwa kuniogesha, Mungu akulipe. Anauliza mkewe anarudi lini kutoka kazini, maana amemngoja sana. Na anakuomba, akija, tafadhali usimwambie kwamba amekuwa akisema lugha hii humu ndani. Anasema hapendi. Anasema alifiwa na kaka yake.”

Haika alikaa kitandani. Siku zote zile alikuwa akililiwa yeye, na yeye huyohuyo ndiye aliyeshika kijiko. Alimtazama mumewe, na mumewe akamtazama kwa wasiwasi, kama mpangaji aliyekosea jambo na hajui kama atafukuzwa.

Kwanza alimjibu kwa Kiswahili. Alimwambia Baba Aikaeli, ni mimi, ni mimi Haika. Mzee alitabasamu kwa adabu, kama tunavyowatabasamia wageni tusiowaelewa. Haika akamgeukia Riana, akamwomba amfundishe: mkeo amesema ruksa. Riana akamtamkia, neno kwa neno, na Haika akayarudia kwa ulimi ulioapa kutoyagusa, mara ya kwanza vibaya, mara ya pili nafuu. Halafu akamshika mzee mkono, akayasema.

“Jou vrou sê jy mag.”

Dawid alimsikiliza kwa makini. Akatikisa kichwa, bila hasira, hata kwa kumhurumia kidogo, akampigapiga kiganja.

“Mevrou ken haar nie,” akasema.

Haika hakuhitaji sana kutafsiriwa, lakini Riana alitafsiri. “Anasema wewe humjui.”

Kifua cha mzee kilikoroma. Chumba kikawa kizito, na Haika, akihofia asije akalia mbele yake, akamwomba Riana aimbe ule wa kufagia. Riana akaanza taratibu. Mstari wa kwanza mzee alisikiliza tu. Wa pili midomo ikacheza. Wa tatu sauti ikatoka, nyembamba, imepinda upande, lakini ilikuwa sauti yake, humo humo ndani, chini ya dari ya Haika, ambayo tangu wahamie haikuwahi kuusikia wimbo ule ukiimbwa kwa mdomo wazi. Haika naye akaguna nao kwa sababu muziki wake aliujua. Mzee alifurahi kuona bibi huyu anaufahamu. Akamkonyeza.

Ufunguo ukazunguka mlangoni. Alikuwa Aikaeli, anarudi sokoni na mboga zake.

Dawid, akidhani ni mkewe anarudi kazini, akakata wimbo katikati ya neno. Akamkazia Haika macho ya kusihi, akaweka kidole cha kushoto juu ya midomo yake. Riana akanyamaza. Haika akaufumba mdomo wake, na hatua zikaanza kuja koridoni, na wote watatu wakatulia tuli wakimngoja Haika aingie.